Sange na Vijiti Saba vya Mkomamanga

Paukwa!

Pakawa!

Mmelala?

Macho makavu!

Masikio mnayo?

Mawili mawili!

Basi la kulia lisikie, la kushoto lishike, maana ngano yangu ikiingia huku na kutokea kule, mimi sirudii. Na wewe unayetafuna mhogo huko nyuma, tafuna polepole au utugawie.

Haya. Hapo kale, enzi ambazo wanyama walishtakiana kuliko walivyolana, palikuwa na kilima cha mawe mekundu. Juu ya kilima palikuwa na mti mmoja wa mkomamanga. Mmoja tu, hakuna wa pili. Haukupandwa na yeyote: ndege alidondosha mbegu, akaenda zake, mti ukaota. Kila kiangazi, kisima kikikauka na majani yakiwa vumbi, makomamanga ya mti ule ndiyo yaliyokuwa maji ya kilima kizima.

Nasema yalikuwa. Maana siku moja alikuja Nyani Dume, mkubwa, kifua mbele, meno marefu kuliko subira yake. Akakaa kwenye panda ya mti, akasema, "Kuanzia leo, wangu." Nani angembishia? Akawa anakula peke yake tangu kunapokucha hadi kunapokuchwa. Mpwasu! anapasua. Fyu, fyu, fyu! anafyonza. Tfu! anatema ganda. Mpwasu! Fyu, fyu, fyu! Tfu! Na chini ya mti wenzake wamekaa, ndimi nje, wanahesabu maganda.

Miongoni mwao alikuwamo Sange. Mnamjua Sange? Mnyama mdogo, anampita panya kidogo tu, miguu ya nyuma mirefu, na pua. Pua ndefu ile! Haitulii. Inapinda huku, inapinda kule, inachokonoa kila kitu. Sange alikuwa na mke na watoto watano, na yule mdogo wa mwisho alikuwa amefikia kulamba mawe alfajiri atafute umande. Sange alipoliona hilo, moyo ulimuuma. Akajifuta pua, akapanda kwenda kwa mwenye mti.

"Hodi, mjomba."

"Mimi si mjomba wako," akasema Nyani. "Katika ukoo wetu hakuna pua kama hiyo."

"Basi Bwana Mkubwa. Wanangu wamekauka koo. Nipe komamanga moja."

"Sina."

"Nusu?"

"Sina."

"Ganda walambe?"

"Maganda nayakalia."

"Mbegu moja tu?"

"Mbegu ni mti, mpumbavu wewe. Unadhani sijui? Mbegu zote nazimeza."

Sange akatazama chini, akatazama juu, pua ikapinda kushoto, ikapinda kulia. Akasema, "Basi nipe kijiti."

Nyani akakunja uso. Alikuwa na sababu ya kushuku. Sange huyu huyu ndiye aliyempa upupu akamwambia ni manyoya ya kujikunia mgongo, na Nyani akajikuna siku nne. Sange huyu huyu ndiye aliyemwonyesha kichuguu cha siafu akamwambia ni kiti cha heshima, na Nyani akakikalia, na hadi leo mnaona matako yake yalivyo. Kwa hiyo Nyani akavunja kijiti kimoja, akakinusa, akakiuma, akakitikisa karibu na sikio. Hakuna tunda, hakuna mbegu, hakuna kitu. Kijiti!

"Kwe, kwe, kwe!" akacheka. "Chukua. Kajichokonolee meno."

Sange akachukua, akashukuru, akateremka mbio. Maana yeye alikuwa amekwisha kuona jambo moja ambalo Nyani, kwa kukaa juu siku zote, hakuwahi kuliona. Mvua za mwaka uliopita zilivunja tawi la mkomamanga, likaangukia kwenye mchanga wenye unyevu. Pua ya Sange, katika kuchokonoa kwake, ikaenda chini ya lile tawi ikakuta mizizi. Tawi bila mbegu limetoa mizizi! Basi Sange akakipanda kijiti chake nyuma ya jiwe, kwenye kivuli, akakitunza, na miezi miwili ikapita, kikawa na majani sita.

Furaha ya mwenye kidogo haikosi mdaku. Kunguru akaona, akasema. Nyani akashuka, dududu, dududu, akakishika kijiti, chwaa! akakichomoa. Chini mizizi myeupe inaning'inia kama ndevu za mbuzi. Nyani akaduwaa. Kisha akakitupa juu ya mwamba wa moto, kikanyauka pale pale, mbele ya Sange na mkewe na watoto watano.

"Kumbe kijiti nacho ni mti!" akanguruma. "Basi kila kijiti cha kilima hiki ni changu. Nawe utahama. Ukionekana hapa baada ya kiangazi, wewe na pua yako, nitakukanyaga."

Sange alilia, sitawaficha. Alilia kwa hasira, na alilia kwa woga pia, maana kilima kile ndipo alipozaliwa. Halafu akafuta machozi akaenda kumshtaki.

Mkuu wa baraza alikuwa Nungunungu, mzee mkali mwenye njaa ya kudumu, ambaye akikasirika miiba inalia chakacha, chakacha. Walimpa ukuu wa baraza kwa sababu kila aliyemkumbatia kutoa rushwa aliumia. Akasikiliza kesi, akatikisa miiba.

"Mti mzee haukupandwa na mtu," akasema. "Kwa hiyo mwenyewe hayupo. Nyani anasema ni wake kwa nguvu. Sange anasema ni wa wote kwa njaa. Mimi nasema, mti ni wa anayejua kuuotesha. Kila mmoja wenu atachukua vijiti saba. Mwezi uandame mara mbili. Siku hiyo tutachomoa vyote hapa barazani, na nitakagua mizizi mwenyewe. Mizizi naijua, nimekula mingi. Mwenye mizizi atauchukua mti mzee na miche yote. Asiye na mizizi atahama kilima."

Nyani akasimama. "Mheshimiwa, hiyo si haki! Huyu kazi anaijua, mimi siijui. Anifundishe kwanza, hapa hapa, mbele ya watu, asifiche kitu!"

"Ni haki," akasema Nungunungu. "Sange, mfundishe. Nikigundua umemdanganya hata neno moja, umeshindwa palepale."

Baraza likaguna. Mke wa Sange akafunika uso. Na Sange mwenyewe akapiga hesabu. Akisema uongo, amehama. Akisema kweli, Nyani ana mikono miwili, nguvu za kumi, na mti mzima wa kuchagua vijiti. Amehama vilevile. Akamtazama Nyani. Nyani alikuwa amekaza macho, mdomo umebetuka upande, anamtazama yeye kama mtu anayetazama kichuguu cha siafu.

Hapo pua ya Sange ikaacha kutetemeka. Ikapinda kushoto, ikapinda kulia. Akakohoa. Akasema, "Haki ya mama, leo nitasema kweli tupu."

Nyani akajikuna mgongo. Alikumbuka ule upupu.

"Kwanza," akasema Sange, huku akitazama pembeni, "chagua kijiti cha unene wa kidole, cha mwaka jana, kilichokomaa. Kikiwa kichanga kitanyauka, kikiwa kinene kitaoza. Haki ya mama!"

Ehee, Nyani akawaza. Anataka nichukue vyembamba. Maana yake vinene ndivyo.

"Pili, kikate chini kidogo ya kifundo, pale jani lilipotokea, maana mizizi inapenda kutokea hapo. Kata kwa meno safi, mkato mmoja. Usikivunje kikachanika. Haki ya mama na bibi!"

Ehee. Anaogopa nikivunja.

"Tatu, toa majani ya chini. Kijiti hakina mdomo bado, majani mengi yatanyweshwa na nani? Nne, paka ute wa mshubiri kwenye mkato. Tano, chomeka vifundo viwili ndani ya mchanga, weka kivulini, funika kwa kibuyu ili unyevu usikimbie." Akakohoa tena, akajikuna sikio, akakwepesha macho kama mwizi wa kuku. "Sita, maji kidogo. Mchanga uwe na unyevu, usiwe bwawa. Haki ya mama, bibi na shangazi!"

Wanyama wakaanza kutazamana. Hata mkewe akajiuliza, huyu ana nini leo? Nyani alikuwa anatabasamu meno yote nje.

"Na la saba?" akauliza Nungunungu.

Sange akashusha sauti, akaangalia nyuma, akaangalia mbele. "La saba ndilo kubwa. Ukishakichomeka, usikichomoe kutazama. Hata kama nafsi inakuwasha. Hata mara moja. Siku za mwanzo chini hakuna cha kuona, haki ya mama, chini hakuna kitu kabisa!"

Nyani akapiga paja, pa! Mwongo akizidisha kiapo, jua pana kitu amekizika. Chini kuna kitu!

Nungunungu akageuka. "Nyani, umesikia yote saba?"

"Nimesikia," akasema Nyani, "na nimeelewa zaidi ya alivyosema."

Basi kazi ikaanza.

Sange akapewa matawi yake saba, akayatazama moja moja. Akasukutua meno kwa maji kidogo yaliyobaki kisimani. Kech! akakata chini ya kifundo, mshazari, laini. Kech! akakata juu, sawasawa, ili asisahau juu ni wapi na chini ni wapi. Maana kijiti kikichomekwa kichwa chini, bwana, ni sawa na kumlisha mtoto kwa kisigino. Akatoa majani ya chini, akapaka ute wa mshubiri, akachomeka saba katika mchanga nyuma ya jiwe, akavifunika kwa kibuyu kipana kilichovunjika. Akatia maji kwa kaka la konokono, lile gamba lake tupu. Kaka moja. Basi.

Na Nyani? Nyani akapanda mti wake. Kwaa! akavunja tawi nene kama mkono wake. Kwaa! lingine. Saba, yote yamechanika miisho kama miswaki. Ute wa mshubiri akautupa. Kivuli akakipita, akaenda kwenye mwamba wazi ambapo jua linapiga tangu asubuhi hadi jioni, akachimba mashimo, akasimamisha magogo yake. Sange alisema maji kidogo, sivyo? Nyani akabeba maji ya tope yasiyonyweka kutoka mbugani, ndoo kwa ndoo. Bwaa! Bwaa! Bwaa! Vyura wawili wakahamia.

Kukikucha, Nyani anashuka. Chwaa! anachomoa cha kwanza. Anakigeuza, anakinusa. "Bado." Chwi! anakirudisha. Chwaa! cha pili. "Bado." Chwi! Chwaa! cha tatu. "Bado." Chwi! Hivyo mpaka cha saba. Kisha, bwaa! maji.

Kukikucha, Sange naye anatoka. Anagusa mchanga kwa ncha ya pua. Mkavu? Kaka moja la konokono. Una unyevu? Anaondoka.

Siku ya kumi, kilima kikavuma. Vijiti vya Nyani vimetoa majani! Vyote saba, majani membamba mekundumekundu, yanang'aa juani. Nyani akacheza ngoma juu ya mwamba. "Kwe, kwe, kwe! Mwasemaje sasa? Aliniambia kinene kitaoza! Aliniambia kivuli! Mkinijua mimi mnijue vizuri!" Wanyama wakaenda kutazama, wakarudi wakipita mlangoni kwa Sange bila kumsalimia. Tumbili akaja kuuliza kama ile nyumba ya chini ya jiwe itakuwa wazi lini, maana ana binamu anatafuta pa kukaa.

Vya Sange? Vijiti. Vimesimama vilevile, havina hata kibutu cha jani.

"Baba watoto," akasema mkewe, "wenzio wana majani."

"Acha wawe nayo."

"Watoto nimeanza kuwafungia mizigo."

"Mama watoto, sikiliza. Kijiti kina akiba mwilini, kama mtu aliyeshiba jana. Kinene kina akiba zaidi. Leo kinaweza kutoa jani la kujionyesha bila mzizi hata mmoja. Lakini jani linakunywa. Akiba ikiisha litakunywa nini?"

Aliyasema kwa sauti ya kiume, na mkewe akatulia. Lakini mwenyewe, sasa, mwenyewe! Watu ndio hivyo, wanafundisha vizuri kuliko wanavyoweza. Siku ya ishirini pua yake ilianza kuwasha. Mnajua kazi ya ile pua, kuchokonoa. Ikawa inamvuta kuelekea kwenye kile kibuyu. Chokonoa kimoja tu. Kidogo tu. Ukione kama kimeshika, moyo utulie. Anakwenda hatua tatu, anarudi. Anakwenda hatua sita, anarudi. Jioni moja mkewe akamkuta ameinua kibuyu, mdomo umeshafika kwenye kijiti cha kwanza.

"Baba watoto!"

Sange akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Nifunge," akasema.

"Nikufunge?"

"Chukua ukambaa, nifunge mkia kwenye jiwe. Nikikulilia usinifungue. Nikikutukana usinifungue. Maji utatia wewe: ukiona mchanga mkavu, kaka moja."

Akamfunga. Na Sange akakaa pale chini ya jiwe siku kwa siku, mkia umekazwa, pua inachezacheza kuelekea kwenye kibuyu, analia, anatukana, anaomba msamaha, na mke anatia kaka moja la konokono anaondoka. Mwanamke huyo asimame tumpigie makofi. Pa, pa, pa! Haya, akae.

Ngano isiende haraka mkadhani mambo yote yalinyooka. Viwili katika vile saba vya Sange vilifanya weusi chini, vikaanguka vyenyewe. Mkewe akavitupa mbali, visije vikaambukiza wenzao. Vikabaki vitano. Siku ya arobaini vitano hivyo vikaanza kufura macho ya majani, moja moja, kijani, bila haraka.

Na kule mwambani majani ya Nyani yalikwisha kukunjamana zamani. Kwanza ncha, halafu ubavu, halafu yote chini. Nyani akaongeza maji. Bwaa! Akaongeza kuchomoa, asubuhi na jioni. Chwaa! "Bado." Chwi! Chwaa! "Bado." Chwi! Ukimwuliza, anasema, "Mizizi imejificha. Sange kaificha. Nitaifuma tu."

Mwezi ukaandama mara ya pili. Baraza likajaa.

Nungunungu akaenda kwanza kwa Nyani. Akashika kijiti cha kwanza, hakuhitaji kuvuta, kilitoka chenyewe kama kijiko kwenye uji. Chini kilikuwa cheusi, laini, na harufu yake iliwafanya wa mstari wa mbele wahamie mstari wa nyuma. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Mpaka cha saba.

"Hakuna mzizi," akasema Nungunungu.

Akaenda kwa Sange. Akashika kijiti, akavuta kidogo. Hakitoki. Kimeshika! Watu wakasogea karibu. Akachimba mchanga kando, taratibu, akakiinua: mizizi imetoka kwenye kifundo, myeupe, mingi, inanukia udongo wa mvua. Cha pili, mizizi. Cha tatu, cha nne, cha tano, mizizi. Nungunungu akakitazama kile cha tano kwa muda mrefu mno, akameza mate, kisha, kwacha! akakila, mizizi na shina. "Ada ya baraza," akasema. Hakuna aliyebisha.

Hapo Nyani akalipuka. "Amenidanganya! Mheshimiwa, huyu amenidanganya!"

"Tuone," akasema Nungunungu. "Alikwambia kijiti chembamba?"

"Aliniambia."

"Ukachukua?"

"Kinene."

"Alikwambia ukate?"

"Aliniambia."

"Ukafanyaje?"

"Nikavunja."

"Alikwambia kivuli?"

"Aliniambia. Nikaweka juani."

"Maji kidogo?"

"Nikatia bwawa."

"Alikwambia usichomoe?"

Nyani akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, sikulala siku hata moja bila kuchomoa."

"Sasa kakudanganya wapi?"

"Alijua!" Nyani akapiga kelele, povu mdomoni. "Alijua sitamwamini! Mwongo aliyezoea uongo, akisema kweli ghafla bila kumtaarifu mtu, huo si utapeli?"

Nungunungu akafikiri, miiba ikalia chakacha, chakacha. "Sheria ya kumfunga mtu kwa kusema kweli hatuna," akasema mwishowe. "Labda tuitunge mwakani. Mti ni wa Sange. Nyani, uhame."

Kilima kikalipuka kwa vigelegele. Wanyama wakaukimbilia mti mzee, na yule mtoto mdogo wa Sange akawa wa kwanza kupewa. Mpwasu! Fyu, fyu, fyu! Akafyonza mpaka tumbo likawa duara, na Sange akamtazama, na sasa akalia kilio cha namna nyingine.

Nyani alikuwa amesimama peke yake, mkono kichwani. Na Sange, akiwa na ushindi wake wote na pua yake yote, akamwonea huruma. Ndiyo, huruma, msigune. Akamwendea akamwambia, "Bwana Mkubwa, usiende. Baraza nitaliomba. Miche minne nimebaki nayo, nitaipanda, na kila mwaka nitakata vijiti vingine. Baada ya miaka mitatu kilima kizima kitakuwa mikomamanga. Kaa nasi, utakula na wewe. Haki ya mama."

Nyani akamtazama. Akatazama macho yale, akatazama pua ile. Ehee, akawaza. Anasema kaa. Akisema kivuli, ni jua. Akisema kweli... Ngoja, ile alisema kweli. Basi na hii ni kweli? Lakini alijua kuwa sitamwamini akasema kweli, kwa hiyo sasa anajua kuwa nitamwamini, kwa hiyo... Akashika kichwa kwa mikono miwili. Kichwa kikamwuma mpaka kwenye meno. Kisha, dududu, dududu, akateremka kilima mbio, hakugeuka, akapotea nyikani. Na makomamanga ya kilima kile yakaiva miaka na miaka, mengine yakaanguka yakaoza kwa kukosa mlaji, na yeye hakurudi kuonja hata moja.

Na hadi leo, mkulima akipanda mche jioni, nyani anakuja asubuhi kuuchomoa. Chwaa! Wakulima wanasema ni uharibifu. Si uharibifu. Maskini, anatazama kama kuna mzizi au amedanganywa tena.

Mafunzo ya ngano hii, enyi wanangu, ni haya. Semeni kweli siku zote, kweli ndiyo silaha. Ila kwanza mdanganye miaka mitatu hivi, bila hivyo kweli yenu mtu ataiamini akaitumia, na mtahama kilima. Na ukitaka kuotesha kijiti, fuata maneno ya aliyefaulu. Nami vijiti nimeotesha vingi, haki ya mama, na sijawahi hata siku moja kuchomoa kutazama.

Mnacheka nini?

Ngano imefika mlangoni kwake, imevua viatu, imelala. Iliyokuwa tamu igawaneni, iliyokuwa chungu niachieni mwenyewe. Haya, kila mtu kwao, na aliyeupita mche wangu pale uani auache ulivyo.